Taa za Njia na Stima ya Akiba Kijijini: Hesabu Kabla ya Nguzo

Taa ya sola iliyosimikwa Januari huwaka vizuri kaskazi nzima. Ikifika Mei, masika yanapokaza na mawingu kukaa siku tatu mfululizo, inaanza kuzimika saa nane za usiku, baadaye saa nne, mwishowe haiwaki kabisa. Watu husema fundi alileta taa mbovu. Mara nyingi taa yenyewe ni nzima. Iliyochoka ni betri, na ilichoka kwa sababu aliyeipima alitumia jua la Januari kuhesabia usiku wa Juni.

Kosa hilo huepukwa kwa kalamu na daftari kabla shilingi ya kwanza haijatoka. Hapa tunaeleza hesabu yenyewe kwa kijiji cha pembezoni mwa Mombasa, iwe ni upande wa Mwakirunge, Jomvu Kuu, Mtongwe au Shika Adabu, mahali ambapo laini ya stima imefika lakini hukatika, na njia kati ya nyumba, kisima na zahanati ni giza. Mfano tutakaoutumia ni kijiji cha kubuni chenye kaya 120, ili tarakimu zipate pa kusimama.

Mizigo miwili isiyofanana

Kwenye baraza jambo hili huletwa kama ombi moja: tupate taa na stima ya akiba. Fundi naye huandika bei ya mtambo mmoja mkubwa: paneli juu ya paa la zahanati, betri chini yake, na nyaya zinazotoka hapo kwenda kwenye taa za njia. Kwenye karatasi mpango huo unapendeza, lakini ndio unaokufa mapema zaidi.

Taa ya njia hula kiasi kile kile kila usiku. Mombasa iko nyuzi 4 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo urefu wa usiku haubadiliki sana; taa itahitajika kwa muda wa saa 11.5 hadi 12 mwaka mzima. Betri yake huteremka usiku na kujazwa mchana, siku nenda siku rudi. Stima ya akiba ina tabia nyingine kabisa: hukaa imejaa wiki nzima bila kuguswa, kisha huitwa ghafla na kutakiwa itoe yote. Ukiziunganisha, taa zitakuwa zimeinywa betri mpaka alfajiri, na stima ikikatika wakati huo, friji ya chanjo itakuta betri tupu. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, na sehemu nyingi zilikaa mpaka siku ya pili bila kurudishiwa. Akiba ya zahanati hupimwa kwa usiku kama ule.

Basi kila taa ya njia ijitegemee kwa paneli na betri yake, zahanati iwe na mtambo wake, na pampu ya kisima ipangiwe peke yake. Taa moja ikifa, nyingine zote zinaendelea kuwaka, na zahanati haijui lolote.

Kuna sababu ya pili ya kutenganisha, nayo ni waya. Chukua taa 5 za wati 30 zilizo mita 300 kutoka kwenye betri ya volti 24. Wati 150 kwa volti 24 ni ampea 6.25. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, kwenda na kurudi mita 600, una ukinzani wa omu 4.2. Zidisha 6.25 kwa 4.2 upate volti 26 zinazopotea njiani, zaidi ya volti zote ulizokuwa nazo. Taa hizo hazitawaka, hata betri ikiwa mpya. Mzigo ule ule kwa volti 240 hupoteza volti 2.6 tu, ambayo ni kama asilimia 1. Ndiyo maana umeme wa volti 12 au 24 haupelekwi mbali, na ndiyo maana anayekuuzia mtambo mmoja wa kulisha kijiji kizima kwa volti ndogo aombwe aiandike hesabu hii mbele ya watu.

Ramani huchorwa usiku

Mahali pa taa hapachaguliwi mchana. Watu sita au saba, akiwemo mama anayeteka maji jioni, mwendesha bodaboda, mzee wa mtaa, mhudumu wa afya wa kijiji na kijana mmoja wa shule, watembee njia zote mara mbili: saa mbili za usiku na saa kumi na nusu alfajiri. Alfajiri ina watu wengi kuliko inavyodhaniwa. Kuna wa swala, kuna wanaowahi kazi Changamwe au kivuko cha Likoni, kuna wanaochoma mahamri kabla jua halijatoka. Kila mahali mtu anapopunguza mwendo, anapoogopa au anapojikwaa paandikwe, na sababu iandikwe pembeni. Akina mama waulizwe peke yao pia, kwa sababu kuna vichochoro ambavyo mwanamume hupita miaka yote bila kuona tatizo.

Njia kuu ya kijiji chetu cha mfano ina mita 900. Ukiweka nguzo kila baada ya mita 30 utahitaji 31. Hela hizo hazipo, wala mwanga wa mfululizo hauhitajiki. Matembezi ya usiku yataonyesha vituo vinavyobeba hatari yote: steji ya barabara kuu nguzo 2, kalvati 1, njia panda tatu nguzo 3, kisima 2, geti la zahanati 1, msikiti 1, kona ya shule 2, bandarini kwa wavuvi 2. Jumla 14.

Je, si bora kuomba mulika mwizi mmoja, ule mlingoti mrefu wenye taa kubwa juu? Unafaa sokoni na kwenye steji pana. Kijijini, penye miembe, mikorosho na minazi, mwanga wake unagonga majani na kuacha vivuli vyeusi chini, na vivuli hivyo karibu na mwanga mkali ni giza baya kuliko giza la kawaida. Tena ukiharibika, eneo zima limezimika, na kuufikia kunahitaji mashine. Nguzo fupi fundi hupanda kwa ngazi.

Kwa vijiji vilivyo karibu na fukwe, kama vile upande wa Bamburi na Shanzu, kuna jambo lisilozungumzwa vya kutosha. Vifaranga vya kasa vikianguliwa usiku huelekea penye mwanga, ambao kwa asili ni bahari. Taa nyeupe inayotazama ufuo huvigeuza kuelekea nchi kavu, na huko hufa. Taa ya upande huo iwe na kifuniko kinachozuia mwanga usitoke pembeni, ielekezwe chini, na rangi yake iwe ya manjano ya kaharabu. Rangi hiyo huvutia wadudu wachache pia, kwa hiyo hata mbali na bahari ni uamuzi mzuri.

Taa moja inahitaji nini

Anza na matumizi, paneli baadaye. Taa ya LED ya wati 30 juu ya nguzo fupi inatosha njia ya watu na bodaboda. Ikiwaka kwa nguvu zote saa 11.5 itakula wati-saa 345. Lakini kati ya saa nne na nusu usiku na saa kumi na nusu alfajiri wapitaji ni wachache, na vidhibiti vya kisasa (vifaa vinavyosimamia kuchaji betri na kuwasha taa) huweza kupangwa vipunguze mwanga. Saa 4 za mwanzo kwa wati 30 ni wati-saa 120, saa 6 za katikati kwa wati 9 ni 54, saa 1.5 za alfajiri kwa wati 30 ni 45. Jumla wati-saa 219 kwa usiku. Ongeza hasara ya saketi ya taa yenyewe, gawanya kwa 0.9, upate 243. Ikiwa Ramadhani watu hutembea mpaka usiku mwingi, ratiba ibadilishwe mwezi huo. Kidhibiti kinachokubali kubadilishwa kwa rimoti kinastahili pesa ya ziada.

Betri ibebe usiku tatu bila jua la maana, kwa sababu masika yetu huweza kufanya hivyo. 243 mara 3 ni wati-saa 729. Betri ya lithiamu ya aina ya fosfeti ya chuma, ile inayoandikwa LiFePO4, haifai kuteremshwa zaidi ya asilimia 80, kwa hiyo gawanya kwa 0.8: wati-saa 911. Kwa volti 12.8 hiyo ni ampea-saa 71. Nunua ya 75 au 80.

Sasa paneli. Jua linaonekana kwa muda wa saa kumi na mbili kwa siku, lakini nguvu yake asubuhi na jioni ni ndogo. Ukiukusanya mwanga wote wa siku na kuuhesabu kana kwamba jua lilikuwa la utosini, pwani yetu hupata saa 5 na kidogo kwa wastani wa mwaka. Miezi ya Mei hadi Julai hushuka, na hesabu salama ni 4.5. Joto la paneli, vumbi, waya na kuchaji hula karibu asilimia 30, basi zidisha 4.5 kwa 0.7: kila wati moja ya paneli italeta wati-saa 3.15 kwa siku. 243 gawanya kwa 3.15 ni wati 77. Hiyo inalipa matumizi ya usiku mmoja tu. Baada ya siku za mawingu betri inataka kujazwa upya huku taa ikiendelea kula. Ongeza nusu. Wati 115, kwa hiyo nunua paneli ya 120.

Ilalie nyuzi 10 hadi 15, ielekee kaskazini. Tuko kusini ya ikweta kidogo, na Juni jua liko kaskazini, mwezi ule ule ambao tunauhitaji mwanga wake zaidi. Paneli iliyolazwa bapa kabisa hukusanya vumbi na vinyesi vya kunguru kwenye kingo zake, na ukanda mwembamba tu wa uchafu huweza kupunguza umeme wa paneli nzima, kwa kuwa seli zake zimeunganishwa kwa mfuatano.

Tarakimu hizi ndizo silaha ya kijiji dhidi ya taa za maboksi zilizoandikwa "300W" au "500W". Usibishane na maandishi. Chukua futi kamba. Mita moja ya mraba ya paneli nzuri hutoa kama wati 200 chini ya jua kali. Paneli ya sentimita 35 kwa 35 ina eneo la mita za mraba 0.12, basi haiwezi kuzidi wati 25 hivi, hata iandikwe nini. Wati 25 mara 3.15 ni wati-saa 79 kwa siku. Zigawe kwa saa 12 za usiku: wati 6.5. Hiyo ndiyo taa yako ya "wati 300". Inafaa barazani kwa nyumba. Kwenye njia panda haifai.

Nguzo, chumvi na kusi

Nguzo ya mita 7 huzikwa kwa kanuni ya sehemu moja ya kumi ya urefu wake pamoja na sentimita 60, yaani mita 1.3. Juu itabaki mita 5.7. Shimo la sentimita 60 kwa 60 lenye kina hicho hubeba zege ya karibu mita za ujazo 0.47. Kwa mchanganyiko wa saruji 1, mchanga 2 na kokoto 4, ni mifuko 3 ya saruji ya kilo 50, mabero 3 hadi 4 ya mchanga, na 6 hadi 7 ya kokoto. Nguzo 14 zitakula mifuko 42. Mchanga wa ufukweni usitumike hata ukiwa wa bure: chumvi yake huingia kwenye zege na kula chuma kilicho ndani.

Penye mwamba wa matumbawe kuchimba ni kazi ya siku nzima kwa mtaimbo, lakini nguzo ikishasimama haitikisiki. Penye mchanga mtupu hali ni kinyume. Panua shimo, kwa sababu paneli juu ya nguzo ni kama tanga, na upepo wa kusi huisukuma miezi mingi. Zege ikae siku 7 kabla ya kupandisha paneli na betri. Uso wake upande sentimita 10 juu ya ardhi na uteremke pande zote ili maji yasituame, kwa kuwa nguzo huoza pale inapokutana na udongo kabla ya mahali pengine popote.

Chumvi ya bahari haina huruma na haina haraka. Nguzo iwe ya chuma kilichochovywa kwenye zinki ya moto, isiwe ya kupakwa rangi ya fedha tu. Ya rangi huanza kutoa machozi ya kutu mapema mno. Sehemu ya kuzikwa ipakwe lami mpaka sentimita 20 juu ya ardhi. Bolti zote ziwe za chuma kisichoshika kutu, daraja la 316, na pale zinaposhika fremu ya alumini ya paneli weka washa ya plastiki katikati, kwa maana metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu wa chumvi, mojawapo huliwa, na hapo itakayoliwa ni alumini.

Boksi la betri na kidhibiti liwe la kiwango cha IP65 (lisiloingiza vumbi wala maji ya kurushwa) au zaidi, na matundu ya waya yaangalie chini. Waya uteremke kidogo chini ya tundu kabla ya kuingia, ili tone la mvua lidondokee nje. Matundu yasiyotumika yazibwe. Mjusi, sisimizi na nyigu wameua vidhibiti vingi, na mjusi mmoja akilala juu ya vichwa vya waya anatosha kuleta shoti.

Je, betri ikae juu au chini? Kuizika kwenye boksi la plastiki huipunguzia joto, lakini masika hujaza maji, na mwizi hahitaji ngazi. Hapa kwetu ni afadhali iwekwe juu, chini ya kivuli cha paneli, na pengo la sentimita kadhaa hewa ipite, boksi lifungwe kwa bolti zinazotaka ufunguo maalumu.

Zahanati ihesabiwe kwa saa

Hapa swali si usiku bali ni muda wa kukatika. Kwa miezi mitatu mtu mmoja aandike kwenye daftari tarehe, saa stima ilipokwenda, saa iliporudi. Bila daftari hilo watu hukumbuka ile siku mbaya moja na kununua mtambo mkubwa kupita kiasi, au husahau na kununua mdogo.

Mzigo wa kulindwa uwe mfupi. Friji ya chanjo, wati-saa 1,200 kwa siku. Taa 8 za wati 9 kwa saa 6, wati-saa 432. Kompyuta na simu, 240. Mashine ya kufyonza au ya kuvuta dawa kwa mvuke, wati 150 kwa saa moja, 150. Feni 2 za wati 50 kwa saa 10, 1,000. Jumla 3,022, yaani uniti 3 za tokeni. Birika la umeme, pasi na kikanzio cha maji visiguse soketi hizi kamwe; birika moja la wati 2,000 likichemshwa nusu saa limekula theluthi nzima ya siku. Soketi za akiba zipakwe rangi nyekundu ili hata mgeni ajue.

Kwa saa 24 bila stima: 3,022 gawanya kwa 0.9 ya invata, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 240, ni 3,358. Kwa lithiamu, gawanya kwa 0.8 upate wati-saa 4,197. Betri ya volti 51.2 yenye ampea-saa 100 ina 5,120 na inatosha. Kwa betri za asidi, ambazo hazifai kuteremshwa chini ya nusu, gawanya kwa 0.5 upate 6,716. Hizo ni betri 4 za volti 12 zenye ampea-saa 150. Bei ya asidi ni ndogo siku ya kununua, lakini joto likizidi nyuzi 25, kila nyuzi 10 za ziada hukata umri wake karibu nusu, na chumba cha betri Mombasa huzidi nyuzi 30 kwa urahisi. Kwa zahanati tunashauri lithiamu bila kusita. Paneli 3 za wati 400 zitairudishia betri hata stima isipokuwepo siku nyingi.

Invata ipimwe kwa mshtuko wa kuanza. Vitu vyote vikiwaka pamoja ni kama wati 500, lakini kompresa ya friji inapoanza huvuta mara tano au zaidi ya kawaida yake kwa muda mfupi, na mota ya kufyonza nayo ina mshtuko wake. Invata ya wati 2,000 yenye wimbi safi inafaa. Zile za bei ya chini, zenye wimbi la ngazi-ngazi, huunguruma kwenye mota na kuzipasha moto. Stima ikirudi mara nyingi hurudi na volti za juu au kukatika tena papo hapo, basi friji iwekewe kinga inayosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme.

Friji ya chanjo inayotumia jua moja kwa moja, bila betri, inayohifadhi ubaridi kwenye barafu iliyo ndani yake, ni bora kuliko mpango wote huo ikiwa zahanati inaweza kuipata. Chanjo nyingi hutakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8, na betri ni kiungo kimoja zaidi kinachoweza kukatika.

Jenereta na hatari ya kurudisha stima nyuma

Jenereta ya petroli ya kilowati 2 au 3 ni nzuri kama akiba ya akiba. Kuiwasha saa 24 kwa ajili ya friji moja ni kuchoma pesa, kwa sababu mashine ikibeba mzigo mdogo hula mafuta mengi zaidi kwa kila uniti inayotoa. Iwashwe kwa muda wa saa 3, ijaze betri, izimwe. Ikae nje, mbali na madirisha angalau mita 6. Moshi wake una hewa ya monoksidi ya kaboni, haina harufu, nayo huua watu waliolala. Kila wiki mbili iendeshwe nusu saa ikiwa na mzigo, na petroli isikae humo miezi mingi bila kubadilishwa.

Kosa moja halisameheki: kuchomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani kwa waya wenye plagi pande zote mbili. Umeme hutoka kwenye nyumba, huingia kwenye transfoma kwa mgongo, na volti 240 huweza kuwa 11,000 kwenye laini ambayo fundi wa stima anaishika akiamini imekufa. Swichi ya chenjiova yenye nafasi tatu (stima, zima, jenereta) hufanya isiwezekane pande mbili kuwa hai pamoja. Iwekwe kabla jenereta haijanunuliwa, pamoja na kikata umeme unaovuja cha miliampea 30. Vyuma vya athi, vile vinavyozikwa kupeleka umeme ardhini, navyo vipimwe kwa mashine, maana mchanga mkavu na matumbawe ni vibaya kupitisha umeme. Chuma kimoja mara nyingi hakitoshi, viwe viwili au vitatu, mahali panapobaki na unyevu.

Pampu ya kisima usiinunulie betri. Kupandisha lita 10,000 kwa mita 30 kunahitaji kama kilowati-saa 0.8 za kazi halisi, na pampu yenye ufanisi wa asilimia 40 itakula 2. Weka paneli zinazosukuma pampu mchana, na tangi la lita 10,000 juu ya mnara. Maji yaliyo juu ndiyo akiba yenyewe, nayo hayachoki kwa joto.

Nani mwenye taa

Katiba ya 2010 iliweka taa za barabarani miongoni mwa kazi za kaunti. Kijiji kinachoomba kifike na ramani yake, orodha ya nguzo 14, na hesabu ya uniti. Taa hizo zikiunganishwa kwenye stima badala ya sola, wati 420 kwa saa 11.5 ni uniti 4.8 kwa usiku, kama 145 kwa mwezi, na lazima ijulikane nani analipa kabla ya kuwashwa. Taa za stima ni nafuu kusimika penye laini, ila huzimika siku ile ile kijiji kizima kinapozimika. Kwa hiyo kisima, kalvati na geti la zahanati vibaki kwenye sola.

Kalenda ya serikali ina umuhimu kuliko maneno ya kampeni. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hupelekwa bungeni kwake si zaidi ya tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti si zaidi ya 30 Aprili. Ombi la kijiji likifika wadi mnamo Julai lina nafasi ya kuingia; likifika Oktoba linasubiri mwaka mwingine. Usitundike taa kwenye nguzo za Kenya Power bila ruhusa yao, wala usisimike nguzo chini ya laini. Penye barabara kuu, uliza kwanza hifadhi ya barabara inasimamiwa na nani.

Kijiji kikichanga chenyewe, kundi lisajiliwe chini ya Sheria ya Usajili wa Makundi ya Jamii ya 2022, lifungue akaunti yenye watia saini watatu, na fundi awe na leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati na petroli, ya kazi za sola inayolingana na ukubwa wa mtambo. Kisha pesa ya betri ianze kutengwa mwezi wa kwanza, taa zikiwa bado mpya. Gawanya bei ya betri kwa miezi unayotarajia iishi. Tuseme ni shilingi 24,000 na miezi 60: shilingi 400 kwa taa kwa mwezi, 5,600 kwa taa 14, kama shilingi 47 kwa kaya. Weka bei uliyopewa wewe, lakini hesabu ni hiyo. Vijana wawili wafundishwe kuosha paneli kwa maji ya kisima yasiyo na chumvi, kukaza vichwa vya waya, kusafisha kutu ya kijani na kusoma mita, na walipwe kitu. Kazi ya kujitolea isiyo na posho hufa katika miezi michache.

Na fungu la mwisho la malipo ya mkandarasi, asilimia 10, lishikwe mpaka Juni iishe, kwa maandishi. Kabla ya kulilipa, chagua taa 3 bila kumwambia ni zipi. Betri ikiwa imejaa jioni, funika paneli siku mbili zinazofuata kwa safu mbili za gunia jeupe. Lipitishe mwanga kidogo, kwa sababu kidhibiti hutumia volti za paneli kujua kumekucha. Ukiifunika kwa giza kabisa kitadhani ni usiku na kuwasha taa mchana kutwa. Usiku wa tatu, mtu aende saa kumi na moja alfajiri akaangalie. Taa zote tatu zikiwa zinawaka, lipeni. Moja ikiwa imezimika, fungueni boksi mbele ya mkandarasi, someni ampea-saa zilizoandikwa kwenye betri, na mzilinganishe na zile za mkataba.